Ghala Mpaka Jiko kwa Picha Moja

Alhamisi, tarehe 1 Agosti 1974

Nimeipata! Lenzi pana, ya kuona kushoto na kulia kwa mpigo mmoja. Mbarak, mwenye lori la chumvi la kwenda Kampala, ameivusha mpaka ikiwa ndani ya soksi. Hakutaka pesa. Alitaka redio yangu. Redio imekwenda na sina majuto yoyote, isipokuwa saa ya taarifa ya habari, na saa ya salamu, na sasa hivi nyumba ilivyo kimya.

Ina upungufu mmoja mdogo. Lenzi ya namna hii huja na kitundu chake cha kuchungulia, kinachopachikwa juu ya kamera, ili ujue inaona mpaka wapi. Kitundu kimepotea huko Kampala. Kamera yangu ya Kirusi ina kitundu chake, lakini kinaonyesha upana wa lenzi ya zamani tu. Kwa hiyo lenzi itaona mambo ambayo mimi siyaoni. Nikamwambia Mbarak kwamba mtu aliyepiga picha miaka kumi na miwili hachungulii, anakisia. Akacheka, akawasha lori.

Mara ya kwanza kuona lenzi kama hii ilikuwa Tororo, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa sitini na moja, ndani ya kabati la kioo la Bwana Desai. Nilikuwa nafagia studio yake, kisha nikapanda cheo nikawa naosha picha. Jumamosi jioni alinipa niishike, na kitambaa mkononi. Siku hizo tulivuka mpaka kama mtu anayekwenda kuomba moto kwa jirani. Nani alikuuliza barua ya ruhusa? Bwana Desai aliondoka mwaka juzi, Wahindi walipofukuzwa Uganda, na sanduku moja. Sijui yuko wapi. Nakumbuka mpaka harufu ya kiti chake cha mahameli.

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Jaribio la kwanza. Nilisimama mbele ya soko la Busia saa tatu asubuhi, nikapiga safu ya maduka. Jioni nimeosha filamu. Maduka yametoka yote, hata la mwisho, ambalo sikujua kama lipo. Ila pembeni yumo pia Leonida, muuza nyanya, akijikuna mahali ambapo mtu hujikuna akiamini yuko peke yake. Na pembe za lenzi hii huvuta watu. Leonida ni mwembamba. Kwenye picha amejaza mlango.

Kosa langu lilikuwa kumwonyesha. Akasema niichane. Nikamweleza kuwa hiyo ni sanaa. Akanitupia nyanya mbili, moja mbovu. Nimejifunza: usimwonyeshe mtu picha yake akiwa karibu na bidhaa zake.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Mazoezi ya usiku. Naandika nikiwa sijalala.

Nachukia flashi. Flashi humfanya kila mtu aonekane kama amekamatwa na kuku wa wenyewe. Nataka usiku utoke kama usiku, na taa zibaki taa. Nina sababu. Boma la baba pale Rukala lilikuwa na nyumba nne, na jioni kila mlango ulikuwa na chemli yake. Mto Nzoia ulipofurika mwaka wa sitini na mbili ulichukua nyumba zote, pamoja na bati la biskuti lililokuwa na picha zetu. Baba amebaki katika picha moja tu, ya kipande, kile kitambulisho cha wakati wa mkoloni, amekaza macho kama anadaiwa. Lakini boma lenyewe halimo katika picha yoyote duniani. Nikifumba macho naliona lote kwa pamoja, ghala mpaka jiko. Lenzi ya kawaida hairudi nyuma vya kutosha kuona hivyo. Hii inaweza.

Basi usiku wa jana nilisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu karibu na kizuizi cha mpakani, nikakaza waya wa kufyatulia, nikaiacha macho wazi dakika tatu. Akaja askari mwenye tochi. Alitaka kujua ni mtambo gani huu wenye miguu mitatu unaokodolea macho Uganda. Nikamweleza habari za sanaa. Akaizunguka kamera, akapita mbele, akarudi, akamulika chini. Kisha akaniweka kwenye benchi mpaka alfajiri, alipokuja mkubwa wake. Mkubwa wake nilimpiga picha ya harusi. Nikaachiliwa, tena kwa chai.

Nimeosha filamu. Ajabu! Askari hayumo. Mwanamume wa kilo tisini, hayumo kabisa, ila mstari mweupe wa tochi unaotembea wenyewe. Kumbe mtu anayetembea hapati muda wa kuandikwa kwenye filamu. Kwa hiyo usiku mpiga picha anaweza kuingia ndani ya picha yake mwenyewe, akafanya shughuli zake, na asionekane. Nadhani ni mimi peke yangu ninayejua jambo hili katika wilaya nzima.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Malaba, kwa akina Selpher.

Selpher ni muuguzi wa hospitali ya Alupe. Nilimjua alipokuja kupigwa picha ya cheti, amevaa blauzi ya njano. Nikamwambia picha imeharibika, arudi turudie. Nilimwambia hivyo mara nne. Filamu haikuwa na kosa lolote.

Jumamosi ijayo ndiyo siku yangu. Nitakaa mbele ya wazee wa ukoo wao, watakunywa ajono, pombe yao ya wimbi, na baba yake, Mzee Ikapel, mstaafu wa reli, atasema ndiyo au hapana. Nina miaka thelathini na mitatu. Sina baba, sina boma. Namtaka Selpher kuliko kitu chochote, na nitasema ukweli kwa vile hakuna anayesoma hapa: nalitaka na boma lao pia. Jioni nilipofika walikuwa wanawasha taa, mlango mmoja baada ya mwingine, nikajifanya kuna mdudu machoni.

Masharti ni yale yale ya kwetu Rukala. Mkwe hukaa kitini, mikono magotini, macho chini. Na hapaswi kuonana ana kwa ana na mama mkwe, wala kusimama naye mahali pamoja. Mama Gaudencia atabaki jikoni, na mimi nitabaki mbali na jiko. Rahisi.

Ugumu ni Oriokot. Huyu ni mpiga picha wa Malaba, mwenye pazia lililochorwa ndege. Mzee Ikapel ana picha yake ukutani amesimama kwenye mlango wa ndege hiyo, ameshika chuma ambacho hakipo. Na Oriokot ndiye aliyepewa kazi ya Jumamosi. Na flashi yake! Sikuvumilia. Nilimwambia Mzee Ikapel kwamba lenzi yangu inaweza kulichukua boma lake lote, ghala mpaka jiko, usiku, bila flashi, kwa picha moja. Nilimwambia mara tatu, mara ya tatu kwa kuonyesha na mikono.

"Kijana," akasema, "hiyo siku wewe ni mkwe. Mkwe anakaa. Kama unataka kazi, kuja siku ingine."

Oriokot akacheka kwa pua.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Mpango umekamilika, ila kulikuwa na swali moja: wazee. Kamera ikiwa wazi dakika tatu, anayetikisika anakuwa moshi. Nani atawaambia wazee kumi na wawili wasitikisike?

Jibu nimelipata kilabuni leo mchana. Nilikaa na Mzee Ekwaro, mnywaji mkongwe wa ajono, ambaye hana habari kwamba anachunguzwa. Wote walikuwa wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nikawapima kwa saa ya mkononi. Mzee mwenye mrija mdomoni hatikisiki! Macho yamefumbwa, shingo imenyooka, dakika nne nzima. Hata nzi alitua kwenye pua ya Mzee Ekwaro akakaa, akaondoka kwa hiari yake. Studio ya Bwana Desai ilikuwa na chuma cha kushikilia kichwa cha mteja kwa nyuma, na hakikufanya kazi nzuri kama mrija.

Kwa hiyo nitaficha kamera kwenye ua, mkabala na ghala, kabla giza halijaingia. Wakiinama kunywa, nitaomba ruhusa ya kwenda haja. Nitafungua kamera, nitapita na chemli kumulika ukuta wa jiko ili nao utoke, nitarudi kitini nikae, kisha nitaomba ruhusa ya pili na kuifunga. Hakuna atakayejua. Selpher ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni mapenzi. Haikuwa uongo wote.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Usiku sana. Nimelala kwa binamu yao hapa Malaba, naandikia gotini.

Imefanikiwa! Giza zuri, hakuna mwezi. Karabai moja ilikuwa imetundikwa juu ya chungu, na chemli kwenye kila mlango. Niliketi, mikono magotini. Oriokot alifyatua flashi yake mara sita, wazee wakabaki wanapapasa mirija. Kisha akaweka kamera kwenye mkoba na kujiunga na chungu, na hapo nikajua wakati umefika.

Niliomba ruhusa. Nilifungua kamera. Nilipita na chemli mpaka kwenye ukuta wa jiko, mwisho kabisa, karibu na kona. Mlango wa jiko uko baada ya kona, na kwa kukisia kwangu hauingii kwenye picha. Hata hivyo nilisikiliza kwanza. Sauti ya Mama Gaudencia ilikuwa ndani kabisa, anagombana na kuni. Salama. Nikasimama pale nikainua chemli juu, mkono nimeunyoosha upande, kwa hesabu ya sitini. Kisha nikarudi kitini, nikakaa kwa hesabu ya sitini nyingine na zaidi, nikaomba ruhusa tena.

Mzee Omagor, kaka mkubwa wa Ikapel, akauliza kama mkwe ana ugonjwa wa kibofu. Nikasema ni ajono. Akasema ajono sijanywa.

Mzee Ikapel hajasema ndiyo. Amesema atasema Jumamosi ijayo. Lakini treni ya mizigo ilipopita aliinua mrija akacheka, nao wote wakacheka, na mimi nikacheka nikitazama chini. Ilikuwa kama kukaa kwetu.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Busia. Chumba cha giza.

Picha ilianza kutoka ndani ya dawa polepole, kama kawaida. Kwanza karabai. Kisha wazee kumi na wawili, wamekaa kimya, wazi kabisa, unaweza kuhesabu mikunjo ya shingo. Ghala. Nyumba kubwa. Taa kwenye kila mlango. Niliita jina la baba kwa sauti, nikiwa peke yangu. Ndiyo picha niliyoitafuta miaka yote.

Kisha pembe ya kulia ikatoka.

Lenzi imeona kupita kona. Mlango wa jiko umo. Mlangoni yumo Mama Gaudencia, kitambaa kimeteleza nyuma ya kichwa, anatazama wazee na kutabasamu. Lazima alitoka nilipokwisha kurudi kitini. Na ubavuni mwake nimo mimi! Niliposimama bila kutembea, tena na chemli usoni, filamu ilipata muda wa kuniandika. Ule mkono nilioupeleka upande umetua mabegani mwa mama mkwe.

Hatukuonana hata kwa sekunde moja. Lakini picha inasema tumekumbatiana, na mimi ndiye ninayetabasamu zaidi.

Jumatano, tarehe 21 Agosti

Nimetulia. Mkasi upo. Nimekata pembe ya kulia yote, kona, mlango na aibu. Kilichobaki ni kizuri mno. Jumamosi nitampa Mzee Ikapel kama zawadi, atasema ndiyo, na Oriokot atarudi kwenye ndege yake.

Pembe niliyokata nilitaka kuichoma. Nikaitazama tena kwenye mwanga. Mama wa watu amependeza. Nimeiweka mfuko wa ndani wa koti, nitaichoma kesho.

Jumamosi, tarehe 24 Agosti

Sikuichoma.

Mzee Ikapel aliipokea picha kwa mikono miwili. Wazee wakaizunguka. Picha za Oriokot zilikuwa zimeshapita mkononi: upande wa kushoto wazee wanne hawana vichwa, na waliobaki macho meupe. Yangu waligombania kuishika. Mzee Omagor alijitafuta, akajiona, akajipa hongera. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri.

Kisha Mzee Ikapel akauliza jiko lake liko wapi. Si nilimwambia ghala mpaka jiko, mara tatu? Ghala hili hapa. Jiko?

Nikasema lenzi ilichoka. Oriokot akaichukua, akapitisha kidole pembeni, akasema kwa upole mkubwa kwamba karatasi za kiwandani huwa hazikatwi kwa mkasi, tena mkasi butu. Mzee Ikapel akanyoosha mkono. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Nikatoa kipande kwenye koti.

Walikiunganisha na picha juu ya meza. Selpher alikuwa mlangoni mwa nyumba kubwa, akaona nyuso zao, akaja, akaona na yeye, akanitazama. Nilieleza yote: waya, dakika tatu, tochi ya askari, Mama alitoka nilipokwisha kuondoka. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuwa uongo. Mzee mmoja akasema kitendo kama hicho kinavunja posa, na kwamba macho yake hayajawahi kumdanganya. Niliona boma lote likiniponyoka, taa moja baada ya nyingine.

Mzee Omagor aliomba miwani ya Oriokot. Akainama muda mrefu.

"Huyu mtu," akasema, "mimi naona ukuta ndani yake. Matofali, naweza hesabu. Gaudencia ni mzima, ukuta hauonekani. Mtu ukimwona ukuta, huyo hajafika hapo."

Wakapokezana miwani. Ni kweli. Matofali saba yalionekana kupitia koti langu. Wakajadiliana kwa Kiteso, kisha wakakubaliana: mkwe hakusimama na mama mkwe, kwa sababu mkwe hakuwa amefika. Nilikaribia kulia. Nikamshukuru Mzee Omagor mpaka akaniambia basi.

Hapo sauti ya Mama Gaudencia ikatoka jikoni. Alimsemesha binti yake, kama inavyopasa, lakini ilitufikia sote.

"Selpher, waambie wasichane hiyo picha. Mimi nilitoka kuona baba yako. Hiyo taa ilimkaa kwa uso kama ile siku alikuja kwetu kukaa kwa kiti. Nilisahau tumezeeka."

Mzee Ikapel alivua kofia. Akaishika picha karibu na uso, akatazama pale mlangoni, mkewe anamtazama yeye, na yeye kwenye picha hajui, yuko na mrija wake. Hata Oriokot alitazama viatu vyake. Nilimkumbuka mama yangu mimi, ambaye hata picha ya kipande hana.

Kisha Mzee Ikapel akavaa kofia, akaonyesha mahali pengine kwenye picha. Pale kwenye kiti.

"Na huyu?"

Mzee Omagor akainama tena. "Naona kiti," akasema. "Mgongo wote wa kiti."

Ni kweli pia. Nilikaa kwa hesabu ya sitini na kitu, nikainuka. Kiti kimetoka chote, na mimi juu yake kama mvuke wa chai. Kwa sheria ile ile niliyoishangilia dakika mbili kabla, mkwe hakukaa kitini. Hakufika. Siku yangu haikufanyika. Ajono itachachushwa upya, wazee wataitwa upya, na nitakuja tarehe 14 Septemba kukaa, safari hii mpaka mwisho. Ndiyo au hapana itatoka siku hiyo.

Selpher alinisindikiza mpaka reli. Tulipofika akasema katika picha nzima watu wote wako nyumbani, na mimi peke yangu naonekana kama nimeshaondoka. Alisema hivyo bila hasira. Afadhali angenitupia nyanya. Nikamwapia palepale: nitakaa, sitainuka, mikono magotini, sitagusa kamera. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Jumatatu, tarehe 26 Agosti

Nimetafakari sana maneno ya Selpher. Ni maneno mazito na ya haki. Katika picha ile nilikuwa mwepesi kwa sababu moja tu: kutembeatembea. Mtu akikaa kitini dakika zote tatu, tangu kamera inafunguka mpaka inafungwa, atatoka mzito kama mzee yeyote. Hakuna atakayeona kiti. Kwa maneno mengine, Selpher na mimi tunataka kitu kimoja.

Leo asubuhi nimepita kwa fundi wa baiskeli. Nimepata mpira mrefu wa pampu, futi thelathini. Upande mmoja unaingia kwenye kitufe cha kufyatulia cha kamera. Upande wa pili nimefunga kipulizo cha honi, kile cha mviringo. Ukikikandamiza, upepo unakwenda, kamera inafunguka. Ukikikandamiza tena, inajifunga. Nimekijaribu hapa nyumbani mara kumi na moja. Kinaingia vizuri kabisa chini ya soli ya kiatu cha kulia.

Ahadi ni ahadi. Nitakaa tangu mwanzo mpaka mwisho. Macho chini. Mikono magotini, yote miwili, mbele ya mashahidi.

Mguu, Selpher hakuutaja.